Ramani ya mtaa wako kwenye OpenStreetMap: mwongozo kamili kwa tulioko Mtwara na Lindi

Fungua OpenStreetMap, sogea hadi Mtwara mjini, kisha shuka mpaka mtaani kwako. Barabara utaikuta. Paa za nyumba huenda utazikuta pia, maana mtu aliyekaa Dar es Salaam au Ujerumani anaweza kuzichora kwa kutazama picha ya setilaiti. Usichokikuta ni kile ambacho setilaiti haikioni: jina la njia kama wenyeji wanavyolitaja, kisima kinachotoa maji hata mwezi wa kumi, kichochoro cha kukufikisha sokoni bila kuzunguka, duka la dawa lililo ndani ya nyumba ya kawaida. Hayo unayajua wewe na majirani zako. Mwongozo huu ni wa kuyatoa kichwani na kuyaweka kwenye ramani ambayo yeyote anaweza kuitumia bila kulipa.

Kwa mpenda teknolojia anayeishi Kusini, sijaona hobi ya gharama ndogo kuliko hii. Huhitaji kuagiza kifaa kutoka nje wala kuwa na intaneti ya kasi. Simu janja ya kawaida, daftari, kofia na viatu vya kutembelea vinatosha kuanzia.

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, wakati ambapo data za ramani huko zilikuwa zinauzwa kwa bei ghali. Inafanya kazi kama Wikipedia: unafungua akaunti, unahariri, na badiliko lako linaonekana kwa dunia nzima. Hapa Tanzania iliwahi kutumika kwa kazi nzito. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko. Tofauti yako na wao ni kwamba wewe hufanyi mradi. Unachora kwenu, kwa muda wako, na hakuna tarehe ya kukabidhi ripoti.

Chagua eneo dogo kuliko unavyotamani

Kosa la wageni wengi wa kazi hii ni kuanza na wilaya nzima. Wanaweka duka moja Chikongola, kisima kimoja Naliendele, msikiti mmoja Mikindani, halafu wanachoka. Ramani ya namna hiyo inapotosha kuliko ramani tupu, kwa sababu mtu akiona duka moja la dawa kwenye mtaa ataamini ni hilo moja tu.

Chukua mtaa mmoja, au kipande cha mtaa, au kitongoji kimoja ikiwa uko kijijini. Kiwekee mipaka inayoonekana kwa macho: barabara ya lami upande huu, korongo upande ule, shamba la mikorosho nyuma. Kimalize chote ndipo uvuke. Mtwara mjini hilo ni rahisi kidogo, maana mji ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa matarajio ya Mpango wa Karanga, mradi wa Waingereza wa kulima karanga kwa wingi, na barabara zake za katikati ni pana na zimenyooka. Mikindani ni jambo lingine: vichochoro vinapinda kati ya nyumba za mawe, na njia nyingine zinaishia uani kwa mtu. Ukiwa Mikindani chagua eneo dogo zaidi.

Nikiwa hapo kwenye karanga, niseme neno kwa wapenzi wa historia, maana najua mtauliza. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pale ambapo tuta lake bado linaonekana ardhini, lichore na uliwekee lebo (maneno yanayoiambia ramani kitu ni nini) railway=abandoned. Pale ambapo nyumba zimeshajengwa juu yake na hakuna alama yoyote, usichore. OpenStreetMap inaonyesha kilichopo leo.

Akaunti na programu

Jisajili kwenye openstreetmap.org kwa barua pepe. Jina la mtumiaji litaonekana kwenye kila badiliko utakalofanya, na historia hiyo haifutiki, kwa hiyo usitumie namba yako ya simu kama jina. Usitumie pia jina la duka lako, watu watadhani unatangaza biashara.

Programu ni nyingi, lakini mwanzoni unahitaji mbili au tatu. StreetComplete ni ya Android. Inakuonyesha alama kwenye ramani na kila alama ni swali: barabara hii ina lami? Duka hili linafunguliwa saa ngapi? Nyumba hii ina ghorofa ngapi? Unajibu ukiwa umesimama palepale, na lebo inaandikwa yenyewe nyuma ya pazia. Every Door inapatikana kwa Android na iPhone, na ndiyo ninayoipenda kwa maduka na ofisi kwa sababu unaongeza kitu kipya kwa kugusa mara chache. OSMTracker ya Android inarekodi njia uliyopita kwa GPS na kukuwezesha kurekodi sauti au kupiga picha ukiwa njiani.

Ukifika nyumbani, tumia mhariri anayeitwa iD, anayefunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. JOSM ni wa kompyuta, ana nguvu zaidi na sura ngumu zaidi, mwache mpaka uzoee. Asiye na kompyuta atumie Vespucci, mhariri kamili wa Android, ingawa kuchora paa za nyumba kwa kidole kunahitaji subira.

Kuhusu bando: kupakia mabadiliko hakuli kitu, ni maandishi tu. Kinachokula bando ni picha za setilaiti. Fungua eneo lako mara moja, ukuze kwa kiwango unachohitaji, fanya kazi yote ya kipande hicho ndipo usogee. Kama unanunua bando la usiku, kazi ya kuchora paa ihamishie huko.

Chora paa na njia kabla ya kutoka

Kabla ya kwenda mtaani, kaa na iD uweke mifupa ya ramani: barabara, njia za miguu zinazoonekana wazi na paa za nyumba.

Jambo la kwanza ni kulinganisha picha. Picha ya setilaiti mara nyingi imehama kidogo, pengine mita chache, pengine zaidi ya kumi, na kampuni mbili zinaweza kuonyesha nyumba ileile sehemu mbili tofauti. Ukichora juu ya picha iliyohama, mtaa mzima utahama nayo. Dawa yake ni kuwasha safu ya njia za GPS zilizopakiwa na watu wengine, au kupakia yako uliyorekodi ukipita barabara ileile zaidi ya mara moja, kwenda na kurudi. Mistari ya GPS ikirundikana pembeni ya barabara badala ya katikati yake, ingia kwenye mipangilio ya picha ya nyuma na uisogeze picha mpaka barabara ikae chini ya mistari. Isogeze picha. Vitu vilivyochorwa na wenzako viache mahali pake mpaka uwe na uhakika kwamba wao ndio walioteleza.

Jambo la pili ni daraja la barabara, na hapa ndipo ramani za Kusini zinapochafuka. Mtu wa mbali akiona barabara ya vumbi anaandika track, yaani njia ya shamba. Kumbe ile ndiyo barabara inayounganisha vijiji viwili, ina daladala asubuhi na jioni, na malori ya korosho hupita hapo kila msimu. Daraja linatokana na umuhimu wa barabara, hali yake inaandikwa pembeni. Barabara ya vumbi kati ya vijiji inaweza kuwa unclassified (barabara ndogo ya kuunganisha) au tertiary (yenye umuhimu zaidi kidogo), kisha unaongeza surface=unpaved, au surface=sand kama ni mchanga unaonasa pikipiki. Njia ya mtaani yenye nyumba pande zote ni residential hata kama haijawahi kuona lami. Track ibaki kwa njia za kuingilia mikorosho na mashamba, na path kwa njia ya miguu.

Paa ni rahisi: chora pembe, weka building=yes, bonyeza amri ya kunyoosha pembe ziwe mraba, endelea. Chora ukuta unapokaa chini. Usifuate ukingo wa paa kama picha imepigwa kwa kuinama. Picha inaweza pia kuwa ya zamani, kwa hiyo nyumba unayoitilia shaka iandike kwenye daftari ukaihakiki kwa miguu.

Kutembea na kuuliza

Hapa ndipo penye utamu na ndipo penye kazi. Toka asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, au jioni kuanzia saa kumi. Jua la adhuhuri la pwani litakukatisha tamaa, na simu ikipata joto kali hupunguza mwanga wa kioo hata usione unachoandika. Ijumaa usiende wakati wa swala, na mwezi wa Ramadhani jioni si wakati wa kumsimamisha mtu barabarani.

Kabla ya siku ya kwanza, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Huendi kuomba kibali cha maandishi, unakwenda ajue. Mwoneshe ramani kwenye simu, mwoneshe nyumba yake mwenyewe kama paa lisilo na jina, mweleze unachoongeza. Nyumba itakayokutilia shaka baadaye itapiga simu kwake, na jibu lake litakuwa limeshaandaliwa. Kijijini mwone mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Vijiji vilivyo kando ya mto Ruvuma usianze bila hatua hii hata kidogo: tangu vurugu za Cabo Delgado, ng'ambo Msumbiji, zilipoanza mwaka 2017, mtu anayezunguka na simu akipiga picha mpakani anaulizwa maswali, na wanaomuuliza wana haki ya kuuliza.

Ukianza kutembea, washa kurekodi njia kisha simama dakika moja au mbili mahali pa wazi simu ishike setilaiti vizuri. Mahali pa wazi simu nyingi hukosea kwa mita tatu hadi tano. Chini ya miembe na minazi iliyosongamana hukosea zaidi, kwa hiyo kitu kilicho kivulini kiweke kwa kulinganisha na paa au njia iliyo karibu, si kwa alama ya GPS peke yake.

Kuuliza majina kuna adabu yake. Usimkimbilie mtu na swali. Salamu kwanza, ya mkubwa kwa mkubwa: "Shikamoo mzee. Mimi ni wa hapo chini, jirani na msikiti. Naandika majina ya njia za mtaani kwetu yaingie kwenye ramani ya simu. Hii inayoshuka kisimani mnaiitaje?" Mara nyingi hutajibiwa na mtu mmoja. Watakuja wawili watatu, watabishana, na humo kwenye ubishi ndimo lilimo jina. Kina mama wanaochota maji ndio wanaojua njia zote za mkato. Vijana wa bodaboda wanajua majina yanayotumika leo, wazee wanajua yaliyotangulia. Uliza pande zote mbili.

Sasa, jina lipi uandike? Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliweka vibao vya majina ya barabara na namba za nyumba, na kibao ni ushahidi mzuri. Jina la kwenye kibao liingie kama name, na namba ya nyumba ina sehemu yake. Kama wenyeji wana jina lingine wanalolitumia kila siku, liweke kwenye alt_name au loc_name, ili mtu akilitafuta alipate. Jina lililoachwa linaingia old_name. Usifute moja kwa ajili ya jingine.

Tahajia ya majina ya Kimakonde, Kimwera na Kiyao inahitaji uangalifu. Ng'apa ya Lindi ikiandikwa bila ile alama ya king'ong'o, anayetafuta kwa tahajia sahihi anaweza asiipate. Bango la shule ya msingi huwa na tahajia ya kuaminika, pia muhuri wa ofisi ya kijiji. Bango likisema "S/M" kwa herufi kubwa tupu, wewe andika Shule ya Msingi kwa ukamilifu, herufi kubwa mwanzoni mwa maneno tu. Vifupisho vinaua utafutaji.

Muda wa kufungua nao una mtego. Mwenye duka akikuambia anafungua saa kumi na mbili na kufunga saa tatu usiku, ramani inataka 06:00-21:00. Geuza hapohapo. Ukisema utageuza nyumbani utachanganya asubuhi na jioni.

Kuna vitu vya kuacha. Usiandike jina la mwenye nyumba, hata kama mtaa mzima unaitambua nyumba ile kwa jina lake. Usiweke namba ya simu ya mtu binafsi, labda awe ameipaka mwenyewe kwenye ukuta wa duka. Usipige picha bandarini, uwanja wa ndege, kambi au mitambo ya gesi kama ile ya Madimba. Muuza pweza anayehamahama na meza yake haingii kwenye ramani, ila soko la samaki la Feri lenyewe linaingia. Mama ntilie mwenye banda na benchi pale pale mwaka hadi mwaka ana haki ya kuwekwa kama mgahawa mwingine wowote, na mimi humweka.

Kuingiza ulichokusanya

Ingiza siku ileile. Daftari likilala, mwandiko wako mwenyewe utakugeuka.

Kila kitu kwenye OpenStreetMap ni nukta, mstari au eneo, na maana yake inatokana na lebo za sehemu mbili. Duka la mahitaji ni shop=convenience. Genge la mboga ni shop=greengrocer. Duka la dawa ni amenity=pharmacy. Wakala wa pesa kwa simu ni amenity=mobile_money_agent, na kama wakala yuko ndani ya duka, tengeneza nukta mbili jirani badala ya kulazimisha kitu kimoja kiwe viwili. Msikiti na kanisa vyote ni amenity=place_of_worship, tofauti iko kwenye religion. Kijiwe cha bodaboda kinaweza kuingia kama amenity=taxi pamoja na maelezo kwamba ni cha pikipiki. Ghala la chama cha ushirika ni building=warehouse, na ofisi ya chama ni office=cooperative. Huhitaji kukariri: iD na Every Door zina kisanduku cha kutafutia, na ukitafuta unapata orodha ya kuchagua.

Maji nayapa aya yake kwa sababu ndiyo watu wanayoyauliza. Kisima chenye pampu ya mkono ni man_made=water_well pamoja na pump=manual. Bomba la umma la kuchotea ni man_made=water_tap. Ongeza drinking_water=yes au no kwa kadiri wenyeji wanavyokiri wenyewe. Ukipanda juu kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako maji yamekuwa shida tangu enzi za mababu, utakuta matangi ya nyumbani ya kuvunia maji ya mvua. Hayo si visima vya umma. Ukiyaweka kama visima, utamtuma mgeni na ndoo uani kwa mtu.

Kabla ya kupakia, andika maelezo ya furushi lako la mabadiliko, yaani yale unayoyapakia kwa pamoja. Kiswahili kinatosha: "Nimeongeza maduka, visima na majina ya njia za mtaa wangu baada ya kutembea." Kwenye chanzo andika survey. Pakia kidogo kidogo, furushi moja kwa eneo moja, ili likiwa na tatizo lirudishwe peke yake.

Kuna katazo moja lisilo na mjadala: usinakili kutoka Google Maps wala ramani nyingine ya kibiashara, hata jina moja. Leseni zao haziruhusu, na kazi ya namna hiyo ikigundulika inafutwa yote, pamoja na ile uliyoitolea jasho.

Pwani: maji kujaa na kupwa

Anayechora bara anaweza kuruka sehemu hii. Wa Mikindani, Msimbati, Lindi mjini na Kilwa wasiruke.

Ufuo wetu hauna mstari mmoja. Bamvua likija, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa hadi mizizi ya mikoko kisha hupwa na kuacha uwanda mpana wa matope na majani ya bahari. Picha ya setilaiti imepigwa saa fulani ya maji fulani, na picha ya jirani yake saa nyingine. Ukichora ukingo wa maji unaouona kwenye picha, unachora bahati tu.

Kanuni ya OpenStreetMap ni kwamba mstari wa natural=coastline unakaa pale maji ya bamvua yanapofikia yakijaa. Kinachofunikwa na kufunuliwa kinachorwa upande wa bahari wa mstari huo, kama eneo lake: uwanda wa matope ni natural=wetland na wetland=tidalflat, mikoko ni natural=wetland na wetland=mangrove, mwamba wa matumbawe ni natural=reef. Namna ya kuupata mstari wa maji makuu bila setilaiti ni kwenda siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, ukatembea ukingoni huku unarekodi. Siku nyingine tazama mstari wa majani makavu na takataka ulioachwa mchangani.

Mstari wa pwani wenyewe mgeni asiuguse katika miezi ya mwanzo. Una mwelekeo: ukiufuata, nchi kavu iwe kushoto na bahari kulia. Ukiukata au ukiugeuza, ramani zinazotengenezwa kutokana nao zinaweza kuonyesha nchi kavu imefurika. Ongeza vitu pembeni yake, na ukiona umekosewa sana acha noti, yaani ujumbe unaobandikwa kwenye ramani, kwa wazoefu. Mdomo wa Ruvuma nao uache. Mchanga wa pale unahama, na humo humo mna mpaka wa nchi mbili.

Njia inayopitika maji yakipwa tu iwekee tidal=yes, mtu asije akaifuata wakati wa kujaa. Mashamba ya chumvi ni landuse=salt_pond, na yanaonekana vizuri kabisa kwenye picha, miraba myeupe na ya kijivu. Kivuko cha kwenda Msangamkuu ni mstari wa route=ferry unaounganishwa na barabara pande zote mbili. Usipouunganisha, simu itamwambia msafiri kwamba hakuna njia ya kufika ng'ambo.

Wakikugusia kazi yako

Siku moja utapata ujumbe kutoka kwa mtu usiyemjua, pengine kwa Kiingereza, akiuliza kwa nini umebadilisha barabara fulani. Wengi si wagomvi. Kuna wanaopitia mabadiliko ya wageni ili kukamata uharibifu. Jibu kwa adabu, sema unaishi hapo na umepita kwa miguu, na kama ana hoja ifuate. Akirudisha kitu ambacho una uhakika nacho, usianze vita ya kufuta na kurudisha. Weka ushahidi, kwa mfano picha ya kibao, kisha mkubaliane. Picha za mtaani unaweza kuzipandisha Mapillary, ambayo huzifunika nyuso na namba za magari.

Kuwaonyesha wengine

Ramani ikibaki kwenye tovuti ya OpenStreetMap peke yake, jirani yako hatajua ipo. Mwelekeze kwanza kwenye programu ya Organic Maps au OsmAnd, aipakue ramani ya Tanzania mara moja akiwa na bando, kisha aitumie bila intaneti kabisa. Mwambie mapema kwamba tovuti huonyesha badiliko baada ya dakika chache, lakini programu hizi huchukua wiki kadhaa mpaka toleo jipya litoke. Asiyeambiwa huona duka lake halipo na kudhani umemdanganya.

Kwa kitu cha kutuma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, tumia uMap, tovuti ya kutengenezea ramani yako juu ya OpenStreetMap. Fungua Overpass Turbo, tovuti ya kutafutia data za OpenStreetMap, tumia kisaidizi chake kuandika man_made=water_well, ukuze ramani ionyeshe kata yako tu, na itakuletea visima vyote vilivyoandikwa humo. Vipakue kama faili la GeoJSON, viingize uMap, chagua alama na rangi, kisha tuma kiungo. Visima, vituo vya afya na shule ndivyo vinavyopendwa. Acha maneno ya chanzo yanayotaja wachangiaji wa OpenStreetMap yaonekane, kwani leseni inadai hivyo. Usishangae ukipokea marekebisho usiku uleule: watu wasiojibu ulipowauliza njiani hujibu haraka wakiona kisima chao hakimo.

Jaribio zuri kuliko yote ni kumpa simu mtu asiye wa mtaa huo. Mwambie afike kwenye duka fulani kwa kufuata ramani tu, bila kuuliza. Mahali atakaposimama na kugeuka geuka ndipo penye njia uliyoisahau.

Kurudi tena

Mvua zetu za Kusini ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Zikiisha, pita tena kwenye barabara za vumbi na makorongo: kivuko cha magogo kinaweza kuwa kimeondoka, njia inaweza kuwa imehamia pembeni. Kabla ya msimu wa korosho, kwenye Septemba hivi, hakiki njia za mashambani na maghala. Maduka ya mjini yapitie wakati wowote ukitoka kununua mkate, maana hayo hubadilika kila mara.

Ukikuta duka limefungwa lakini jengo lipo, badilisha lebo iwe disused:shop badala ya kufuta kila kitu. Jengo likibomolewa, lifute kwenye ramani na useme kwenye maelezo ya furushi kwamba umeliona kwa macho limebomolewa. Usipoandika hivyo, mtu wa mbali mwenye picha ya zamani ataliona paa, ataamini limesahaulika, na atalichora upya.